Mama Chai Baridi na Vyumba vya Nyuma

Mimi ni mshona mapazia, na shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ndiye adui namba moja wa biashara yangu. Yeye ni injinia wa majengo. Si yule wa nguzo na zege, ni yule wa vitu vinavyopita ndani ya jengo zege likishakauka: umeme, maji, hewa. Akipewa jengo likiwa bado ramani, jambo la kwanza analofanya ni kuyageuza madirisha yasitazamane na jua la mchana, halafu anayawekea kibaraza cha zege kwa juu. Sasa jua likishazuiwa hivyo, nani atanunua pazia zito la tabaka mbili? Nimemlalamikia mezani sijui mara ngapi. Hucheka mpaka machozi yamtoke, kisha ananiambia, "Shemeji, shona mashuka."

Mafundi hawamwiti injinia. Wanamwita Mama Chai Baridi, na jina hilo alilipata kihalali. Kila jengo analokwenda kukagua huenda na chupa ya chai na kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Ataingia chumbani, atafunga mlango, atageuza ndoo tupu ya rangi akalie, kisha atamimina chai ya moto na kuiweka sakafuni. Baada ya hapo haigusi. Anaangalia mvuke tu. Mvuke ukiinama upande mmoja, anajua hewa inaelekea huko. Ukipanda wima na kupotelea hapo hapo, basi hewa ya chumba hicho imelala. Akisharidhika na alichokiona ndipo anatoa vipimo vyake kwenye begi, kwa sababu, anasema, chai inamwonyesha pa kuweka kipimo, na kipimo ndicho kinachoandikwa. Kufikia hapo chai imekuwa maji, naye kwa kuwa si mtu wa kutupa kitu, anainywa hivyo hivyo akielekea chumba kinachofuata.

Tabia hiyo hakuitoa kwa wazungu wala kwa maprofesa. Alilelewa katika chumba kilichogawana ukuta na tanuri la mikate, baba yake akiwa mwoka mikate wa tanuri hilo. Ukuta ule ulikuwa haupoi hata sekunde. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na mkeka wake kutafuta mahali ambapo upepo unapita, na wadogo zake walimfuata na mikeka yao kila alikohamia. Husema chuoni hakwenda kuijua hewa, alikwenda kuipa majina. Ni mfupi, anatembea haraka, anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na akishasema jambo la kazi yake, usijisumbue kubishana naye. Mimi nilishajisumbua, kwa hiyo najua.

Mama yetu, yaani mama mkwe wake, hakuwahi kuipenda tabia ya chai. Kwa mama, kuiacha chai ipoe mbele ya mtu aliyeipika ni kumtukana waziwazi. Na shemeji alikuwa amezoea mno, hata akija kwa mama kusalimia tu, unamkuta amekitua kikombe na anaukodolea macho mvuke unavyokwenda dirishani.

"Mke wa mwanangu," mama alizoea kumwambia, "hicho kikombe kinaonyesha sinema gani leo?"

Mke wa mwanangu. Ndivyo alivyomwita tangu harusi. Wake wengine wa familia, pamoja na wangu mimi ambaye hajui hata kubadilisha taa, wote ni "mwanangu". Shemeji alilisikia hilo kila mara, na liliuma. Aliniambia mwenyewe kwamba liliuma.

Sasa, nyumba ya zamani ya mama ilikuwa imemshinda. Ngazi zilikuwa kali, barabara ilileta vumbi mpaka ndani ya kabati, na mama ana pumu. Tukakubaliana kuiuza na kumnunulia nyumba katika jengo jipya la ghorofa lililokuwa linajengwa kwenye kona palipokuwa na ghala la magunia. Lina lifti, lina paneli za sola paani, na limepangwa watu waishi humo bila kiyoyozi. Kila nyumba ina tundu la hewa karibu na dari, linalofungukia kwenye bomba kubwa linalopanda katikati ya jengo mpaka juu, ambako feni huvuta joto na kulitupa nje. Sheria ya mji inataka hivyo siku hizi. Jengo lisipopata cheti cha nishati, hakuna anayeruhusiwa kulala humo.

Kazi ya kukagua ikaangukia ofisi ya shemeji. Alimwambia bosi wake bila kuficha kwamba mama mkwe wake amenunua nyumba humo. Bosi akacheka, akasema, "Basi wewe ndiye utakayelikagua kwa uchungu zaidi. Nenda."

Meneja wa mradi, kijana mmoja mwenye haraka na viatu visivyofaa kwenye vumbi, aliuchukulia ukaguzi ule kuwa ni jambo la kupiga muhuri tu. Akawapigia simu wanunuzi wote waje na mizigo yao siku hiyo hiyo: asubuhi cheti, mchana funguo. Mama alihama. Nyumba ya zamani akaikabidhi kwa aliyeinunua asubuhi ile, akapanda gari la mizigo pamoja na kitanda, kabati na masufuria yake, akaja kukaa kwenye kiti chake cha mkono kando ya barabara, mbele ya jengo, akisubiri kuitwa. Mimi nilikuwa juu na fimbo zangu za mapazia, maana niliomba niruhusiwe kuanza mapema.

Kwa hiyo niliyaona yote.

Walianzia paani. Sola safi. Pampu za maji safi. Feni zinavuta, na kipimo kikasema hewa inayotoka juu ni kiasi kile kile kilichotakiwa. Meneja akawa anatembea huku ameshika kalamu mkononi tayari. Wakashuka kwenye nyumba za mbele, shemeji akaketi kwenye ndoo ndani ya nyumba ya mama, akamimina chai. Mvuke ukainama kuelekea kwenye tundu kama mtu aliyeitwa. Sikuwahi kumwona shemeji akitabasamu kazini, lakini pale alitabasamu.

"Shemeji," akaniambia, "mama atapumua humu."

Nikapanda ngazi yangu kutundika pazia la kwanza, roho yangu kwatu. Wao wakavuka korido kwenda nyumba za nyuma.

Walikawia. Nikatoka kuchungulia. Shemeji alikuwa kwenye ndoo, na chai yake ilikuwa inatoa mvuke wima, bila kuyumba. Akahamisha ndoo. Wima. Akatuambia sote tusimame nje ya mlango tusimchafulie hewa kwa mihemo yetu. Wima. Akaenda nyumba ya jirani, akamimina nyingine. Wima vile vile. Meneja akatazama saa yake na kusema kuwa feni za paani zimeshapimwa na zinavuta vizuri.

"Zinavuta," shemeji akasema. "Zinavuta kutoka wapi?"

Akaniomba ngazi. Akapanda mpaka kwenye kifuniko cha tundu, kile chenye mbavumbavu, kizuri, kimefungwa skrubu nne zimenyooka. Akaweka kipande cha karatasi laini mbele yake. Karatasi ikaanguka chini. Akatoa bisibisi, akafungua skrubu, akakibandua kifuniko.

Nyuma ya kifuniko palikuwa na ukuta. Mweupe, laini, umepigwa rangi.

Fundi wa plasta, mzee mmoja aliyejaa chaki mpaka kwenye kope, akasogea mbele. Huyu wenzake wanamwita Fundi Kioo, kwa kuwa ukuta akishaumaliza unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Akautazama ukuta ule kwa mapenzi kabisa.

"Hapo palikuwa na tundu baya sana, mama," akasema. "Waashi walilisahau. Upande wa nyuma wote waliacha matundu hivyo. Niliyaziba mwenyewe kwa mkono wangu, sikumpa kibarua. Hebu pitisha kiganja uone kama utajua lilikuwa wapi."

Shemeji akapitisha kiganja. Kweli hakujua.

"Na wewe?" akamgeukia fundi wa vifuniko. "Ulikuja ukakuta ukuta hauna tundu, ukaweka kifuniko?"

"Ramani ilisema kifuniko hapa," yule akajibu, kaumia kweli. "Nikaweka hapa. Matundu si kazi yangu."

Na hapo ndipo nilipotaka kucheka na kulia. Hakuna aliyekuwa mvivu. Hakuna aliyeiba saruji. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa moyo, na kwa moyo huo huo wakawafungia nusu ya watu wa jengo ndani ya sanduku. Feni za paani zilikuwa zinavuta nyumba za mbele mara mbili, na nyumba za nyuma hazikuvutwa hata kidogo.

Shemeji akatoa vipimo vyake, akapima nyumba baada ya nyumba, akaandika. Kisha akafunga begi.

"Sisaini," akasema.

Meneja akaingiwa na upole wa ghafla. Akamwita dada. Akasema watu wako chini na mizigo, watoto wako juani. Waruhusiwe kuingia leo, matundu yatafunguliwa polepole wakiwa ndani. Joto likizidi, mtu atanunua kiyoyozi, mbona kila mtu anacho. Shemeji akamwuliza ni nani atakayepiga tindo ukutani juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Akamwuliza nyaya za jengo lililopangwa bila viyoyozi zitabeba viyoyozi vingapi kabla hazijaungua, na hicho cheti kitakachosema jengo halili umeme kitakuwa kinamwambia nani uongo.

Meneja akanitazama mimi na pazia langu. Akapunguza sauti.

"Sikiliza, dada. Upande wa mbele ni mzima, umeona mwenyewe. Mama yako anaweza kuingia leo, kimyakimya. Nampa ufunguo sasa hivi. Hayo ya nyuma tutayamaliza."

Nasema ukweli wangu: mimi ningeuchukua ule ufunguo. Ningeuchukua kwa mikono miwili na kushukuru. Mama yangu alikuwa ameketi kando ya barabara kama mizigo ya watu.

"Siku utakayoruhusu kitanda kimoja kiingie, jengo hili limeshakwisha," shemeji akamjibu. "Hakuna atakayerudi huku nyuma na tindo. Nakujua wewe, na nakijua chama chenu chote."

Akashuka. Angeweza kumtuma mtu, angeweza kunituma mimi. Alishuka mwenyewe, akavuka barabara, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama, wanunuzi wengine wakiwa wamewazunguka.

"Mama, leo huingii. Sijasaini."

Mama akautazama mlango wa jengo, kisha akamtazama yeye. "Kwangu kuna hewa au hakuna?"

"Kwako ipo, mama. Ipo vizuri. Nyumba za nyuma ndizo hazina."

"Nyuma naishi mimi?"

"Huishi, mama."

"Basi hao wa nyuma wananihusu nini? Nyumba yangu nimeshaikabidhi asubuhi. Unataka nikalale wapi, mke wa mwanangu?"

Shemeji akasema, "Nisamehe, mama," akasimama, akarudi kazini. Nilimwona akiutazama mwiko wa fundi sakafuni kwa muda mrefu, macho yamemjaa machozi. Lakini alikuwa amerudi.

Kaka yangu nilimpigia simu. Kaka ni mwalimu, mtu wa amani, akisikia ugomvi hujificha nyuma ya madaftari ya wanafunzi. Akasema, "Mchukue mama kwako kwanza." Ndivyo kaka anavyosuluhisha mambo.

Nikamchukua. Nyumba yangu ni ndogo na imejaa vitambaa, nafasi niliyokuwa nayo ni chumba cha ndani ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuweza kuusugua. Tulimtandikia mama humo kitanda chake mwenyewe. Mke wangu alimhudumia kama malkia. Mama alikula, alishukuru, na kila shemeji alipopiga simu kumjulia hali, mama alisema kifua kinambana na hawezi kuongea. Kifua kilikuwa kinambana kweli. Lakini kuongea na majirani aliweza.

Siku zikaenda. Chumba kile mchana kilikuwa kinachemka. Mama alifungua dirisha, halikuleta kitu. Alifungua mlango, ukaleta joto la jikoni. Nilimnunulia feni, ikawa inazungusha joto lile lile na kumrudishia. Adhuhuri moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, dawa yake ya kuvuta iko mkononi, shuka limelowa mgongoni. Nikaketi karibu yake.

"Vile vyumba vya nyuma," akaniuliza, akipumzika kati ya maneno. "Vya lile jengo. Viko hivi?"

"Hivi hivi, mama. Labda vibaya zaidi. Hiki kina dirisha bovu, vile vina ukuta mzuri."

"Na wamenunua watu gani huko?"

Nikamwambia niliowaona siku ile: dereva na mkewe mwenye mtoto wa miezi michache, na mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Mama akachukua kipande cha kitambaa cha pazia langu la bei mbaya akajipepea nacho, na sikuthubutu kusema neno.

Kule kwenye jengo, shemeji hakuondoka. Asingewaachia. Fundi Kioo ndiye aliyepewa kuyafungua matundu aliyoyaziba, na alinuna kwa namna ambayo sijapata kuona kwa mtu mzima. Kila alipoegemeza tindo ukutani alifumba macho kabla ya kupiga nyundo. "Unanichanja uso, mama," alimwambia shemeji. Shemeji akamjibu, "Nachanja pua, baba. Uso bila pua ni wa nini?" Mzee akacheka bila kupenda, na kuanzia hapo akashughulika na matundu yale kama alivyokuwa akishughulika na kuta: kila moja alilikata mraba kamili, akalipiga ukingo, akalisugua mpaka likawa zuri kuliko alivyolichora mchoraji. Shemeji akaingia kila nyumba ya nyuma na ndoo yake na chupa yake. Meneja akashinda mlangoni na kalamu. Chai ilipoinama katika nyumba ya mwisho, na kipimo kikasema vile vile, shemeji akaichukua kalamu mwenyewe mkononi mwa meneja akasaini.

Mama akaingia siku iliyofuata. Mimi na kaka tulipandisha kitanda, nikamaliza kutundika mapazia, mepesi tu, biashara imekufa. Shemeji alikuja kutoka kazini, akasimama mlangoni na begi lake, hajui kama aingie. Mke wangu alikuwa jikoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mkono katikati ya sebule tupu.

"Leteni chai," mama akasema.

Ikaletwa. Mama akakiweka kikombe sakafuni, mbele ya miguu yake, akainama kidogo na kukiangalia. Mvuke ulipanda, ukasita, halafu ukainama kuelekea ukutani, kwenye tundu karibu na dari. Mama akaufuata kwa macho mpaka ulipoishia. Alikaa hivyo mpaka hapakuwa na mvuke tena. Kisha akakinyanyua kikombe na kuinywa ile chai ilivyopoa, yote, uso umekunjamana.

"Yule mwenye mtoto mchanga huko nyuma," akasema bila kumtazama mtu. "Ulikaa kwake?"

"Nilikaa, mama," shemeji akajibu.

"Na kwa yule mwalimu?"

"Nilikaa. Nyumba zote."

Mama akaguna. Akamwita mke wangu alete kikombe kingine, kijazwe pomoni, ya moto. Kilipokuja hakukiweka chini. Alikishika kwa mikono yake miwili, mvuke ukimpiga usoni, akamnyooshea shemeji.

"Hii si ya kupimia," akasema. "Njoo ukae hapa. Kunywa ingali moto, mwanangu."

Shemeji akakaa, akakipokea, akanywa hapo hapo. Hakuwa na mazoea ya chai ya moto. Akaungua ulimi, akatokwa na machozi, na sote tukajifanya tunaamini kuwa ni kwa sababu ya ulimi.